Siku Niliyomsahihisha Mama Mwalimu

Wiki iliyopita, katika darasa langu hapa Area 36, Lilongwe, mwanafunzi mmoja mtu mzima, dereva wa lori, alifunga daftari lake akaniuliza swali ninaloulizwa mara nyingi: "Madamu, wewe Kiingereza ulijifunzia wapi?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Shuleni, kwa bidii." Akaitikia kwa heshima, akaenda zake. Nami nikabaki nafuta ubao, uso ukiniwaka moto, kwa sababu jibu hilo si kweli. Shule ilinipa vyeti. Kiingereza nilipewa na jirani yetu mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye baraza la udongo, na nilichomtendea ndicho kinachonizuia kumtaja mbele ya wanafunzi wangu. Wewe unayesoma hunijui, wala hatutakutana sokoni. Labda ndiyo maana naona nafuu kukusimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Bibi yangu ndiye aliyenitoa Burundi nikiwa mdogo wa kubebwa na kushushwa, kubebwa na kushushwa, mpaka Malawi. Tulikaa nyumba ya matofali mabichi, na ukuta wetu wa mashariki ulikuwa pia ukuta wa magharibi wa mama mwalimu. Yeye alitoka Bukavu, na huko alikuwa amefundisha watoto wadogo kwa Kifaransa. Hapa Malawi Kifaransa hakikumnunulia hata chumvi, basi akawa anashona. Asubuhi nilizinduliwa na cherehani yake kupitia ukutani, na baada yake harufu ya mandazi ya bibi, na mbali kidogo kwaya za makanisa mawili yaliyokuwa yanashindana kufanya mazoezi saa ileile.

Mchana ulikuwa wa kazi. Nilipanga foleni ya maji bombani, nikachagua mawe kwenye maharage, nikatwanga sombe, majani ya muhogo, mpaka viganja vikawa vya kijani. Jua lilipoanza kulegea, nilinawa nikakimbilia barazani kwa mama mwalimu, kwa sababu hapo ndipo Kiingereza kilipokuwa kinapikwa.

Nasema kupikwa kwa makusudi. Mama mwalimu hakuwa amekimaliza Kiingereza. Alikianza akiwa na zaidi ya miaka arobaini, kwenye foleni za kambi, akiuliza huyu neno moja na yule jingine, na kila alichokipata alikileta barazani tukakipika pamoja. "Mi sijue Kingereza yote," alituambia. "Mi niko najifunza pamoja na nyinyi. Mutu asifikiri huku kuna profeseri." Ubao wake ulikuwa kipande cha mlango kilichopakwa weusi wa betri kuukuu. Chaki yake ilikuwa ileile ya kuchorea vitambaa. Watoto tulikaa mbele, na nyuma yetu walikaa akina mama kumi, wakati mwingine kumi na watano, wengine na watoto mgongoni, mmoja daima akiwa na masizi mikononi kwa sababu aliuza makaa.

Alikuwa na daftari alilokusanyia maneno yanayotupiga chenga, akiyaita mapacha. Ngoja nikuonyeshe mawili matatu, maana na mimi mpaka leo nafundisha kwa mifano yake, bila kusema ni yake. Sisi tunasema "niazime pasi," na tunasema pia "nimeazima pasi": neno ni moja, kitu kiende au kije. Mwingereza hataki hivyo, anataka kujua pasi inatembea kuelekea wapi. Mama mwalimu aliinua pasi yake ya makaa, akamkabidhi muuza makaa, akasema, "Inatoka kwangu: I lend." Kisha akamgeuzia kidole: "Imekuja kwako: you borrow." Pasi ikazunguka baraza zima, kila mama akisema lake, na mwisho hakuna aliyekosea, ingawa mmoja aliungua kidole.

Au lile la kusikia. Kwetu mtu husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, husikia hata harufu ya samaki. Basi mama mmoja alikuwa amekwenda zahanati akamwambia muuguzi, "My baby hear cold," na muuguzi akaanza kumchunguza mtoto masikio. Mama mwalimu alituchorea sikio, pua na ngozi, kila kimoja na neno lake. Na umri? Kiswahili kinasema nina miaka kumi na miwili, na Kifaransa hivyohivyo, kwa hiyo sote tulikuwa tunasema "I have twelve years," tukiwa na uhakika mkubwa, kwa kuwa lugha mbili zilikuwa zimetupa ushahidi. Yeye akatufariji: "Haiko ujinga. Ni mazoea ya nyumbani. Tutaizoea ingine polepole."

Lakini kitu cha thamani zaidi hakikuwa kwenye daftari. Kilikuwa sharti la baraza lile, na tuliliita kwa jina lake la kwetu: kupokea.

Unajua jinsi ilivyo. Mtu akirudi kutoka bombani na ndoo kichwani, au kutoka shambani na kuni, hufika mlangoni akasimama. Humwambii kwamba mzigo wake umekaa upande. Unanyoosha mikono, unampokea, mnaingia ndani. Mama mwalimu alitaka tupokee sentensi namna hiyo. Mtu akisema vibaya, ilikuwa mwiko kucheka, na ilikuwa mwiko pia kusema "umekosea." Aliyejua alimjibu kama anayeendeleza mazungumzo, akiirudisha sentensi ikiwa imenyooka. Muuza makaa akisema, "Yesterday I go to Madisi," jirani yake alisema, "Ah, yesterday you went to Madisi? How was the market?" Na muuza makaa, bila haya, alijibu, "I went, I sold nothing!" Tukacheka kwa habari, si kwa makosa. Mama mwalimu alitupokea sisi, nasi tukampokea yeye, maana naye alikuwa anateleza kila siku. Baraza lilipiga kelele za Kiingereza kibovu na cha furaha mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Akina mama waliokuwa hawafungui mdomo ofisini walibishana hapo kwa Kiingereza kuhusu bei ya usipa, dagaa wa ziwani.

Shuleni kwetu mambo yalikuwa mengine. Huko darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mwalimu alikuwa na njia yake ya kutuchangamsha: aliyekosea alibaki amesimama, na aliyenyoosha mkono na kumsahihisha alipigiwa makofi. "Wakhoza!" alisema mwalimu, yaani umepatia, na darasa zima likapiga makofi matatu. Mimi nilipenda makofi yale. Nilikuwa mtoto wa mkimbizi muuza mandazi, kandambili zangu zimefungwa kwa waya, na makofi yale yalikuwa kitu pekee nilichopewa bila kupanga foleni.

Siku moja ikaja habari kwamba shirika moja lenye ofisi mjini Lilongwe linatafuta mtu wa kuwafundisha Kiingereza akina mama wa kambini. Atakayechaguliwa angepewa chumba chenye bati, viti na ubao wa kweli. Mama mwalimu alipeleka barua, na akaitwa. Kila aliyeitwa alitakiwa afike na mwanafunzi mmoja, amfundishe kwa dakika chache mbele ya wakubwa. Barazani palikuwa kama arusi. Muuza makaa aliinua mikono: "Mama, ukipata chumba, mvua haitatufukuza tena!"

"Nikipata," alisema mama mwalimu. "Muniombee. Kuongea na nyinyi si sawa na kuongea na ba-patron, bale bakubwa."

Akanichagua mimi. Aliniita ndani, akaniketisha kwenye kiti cha cherehani, akanieleza wazi kabisa, nami nilielewa kabisa. Sitaki ufikiri kwamba nilikuwa mtoto asiyejua. "Kule moyo itanipiga," alisema. "Nikiogopa, Kingereza yangu inaruka. We njo unajua kupokea kuliko bote. Nikiteleza, we jibu tu vizuri, nitasikia, nitarudi kwenye njia. Hakuna mutu atajua. Sawa, mtoto yangu?"

"Sawa, mama mwalimu."

Bibi alinipigia pasi sare mpaka marinda yakasimama yenyewe, akafunga mandazi manne kwenye karatasi. Mama mwalimu alivaa kitenge kipya alichokuwa amemshonea mteja, kwa ruhusa ya mteja. Tulionyesha karatasi za ruhusa ya kutoka kambini, tukapanda kabaza mbili, baiskeli za abiria, hadi barabara kuu, na mwendo mzima nilimsikia nyuma yangu akijisemea sentensi, mpaka mwendesha baiskeli wake akaanza kumjibu.

Ofisi ilikuwa City Centre, katikati ya Lilongwe, ghorofa ya pili. Sakafu iling'aa nikaogopa kuikanyaga. Ndani ya chumba walikaa Wamalawi wawili, bwana mwenye tai na mama mmoja mwenye miwani, wote wapole. Nakusihi ukumbuke hilo: hawakuwa wabaya. Mama mwenye miwani alinitabasamia, akanionyesha kiti. Mama mwalimu alisimama mbele ya ubao mweupe, kalamu mkononi.

Akaanza. "Good morning, my student. Since how many years you are in Malawi?"

Alikuwa ameteleza, na akajua. Alinitazama akangoja, kama mtu aliyefika mlangoni akasimama. Jibu nilikuwa nalo kinywani: I have been in Malawi for six years. Ningelisema tu, lingempokea, tungeendelea.

Lakini nikamwona bwana mwenye tai ananitazama mimi, na mkono wangu ukapanda wenyewe kama wa shuleni. Nikasimama. "No, teacher," nikasema kwa sauti. "That is wrong. We say, how long have you been in Malawi."

Yule bwana akashangaa, akacheka. "Wakhoza!" akasema.

Ndugu yangu, neno lile lilinilevya.

Mama mwalimu alisema, "Thank you," akaendelea. Akateleza tena, kosa dogo, la kawaida, ambalo barazani lisingegeuza kichwa cha mtu. Nikasimama tena. Mara hii hata sikumtazama yeye. Niliwatazama wale wawili, nikaeleza kosa na sababu ya kosa, kwa maneno yaleyale aliyonifundisha. Uso wake ulikuwa umeanza kung'aa kwa jasho. Akageukia somo alilolijua kuliko yote, lile la pasi. Aliandika lend upande mmoja na borrow upande wa pili, akachora mishale. Lakini kwa hofu aliigeuza mishale. Aliiona. Aliinua mkono aifute.

Nami nilikuwa nimeshatoka kitini. Nilikwenda mbele nikaichukua kalamu mkononi mwake. Sikuinyakua, niliichukua tu, naye aliiachia, vidole vyake vilikuwa baridi. Nikafuta, nikachora, nikaeleza. Nilieleza vizuri sana. Mama mwenye miwani alicheka kwa upole, akauliza kwa Kiingereza, "Sasa hapa mwalimu ni nani?"

Wote wakacheka. Mama mwalimu naye akacheka. Kisha akatazama huku na huku, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine, akaenda akaketi kwenye kiti changu. Kiti cha mwanafunzi. Alikunja mikono yake juu ya kitenge cha mteja, akanisikiliza mpaka nikamaliza.

Tulipotoka, mama mwenye miwani alinipa kamusi, akaandika jina langu na jina la bibi kwenye karatasi. Nje, mama mwalimu alininunulia chipsi za barabarani na soda. Tukaketi ukingoni mwa barabara. Nilisema mimi peke yangu. Nilipomaliza soda ndipo nilipouliza, "Mama mwalimu, nilijibu vizuri?"

"Ulijibu muzuri sana," alisema. "Kula, zitapoa."

Bibi alitungoja mlangoni. Mama mwalimu alimwambia, "Bibi, mtoto yako anajua Kingereza," akaingia kwake, na alasiri ile cherehani haikulia.

Kazi akapewa mtu mwingine, aliyekaa mjini, na aliyekuja mara mbili tatu kisha akaacha kuja. Kwa upande wangu, ile karatasi yenye jina langu ilizaa matunda: nikapata nafasi katika shule ya bweni upande wa Madisi. Kabla sijaondoka baraza lilikuwa limeshabadilika. Mama mwalimu aliendelea kufundisha, lakini kwa mkono tu. Aliandika sentensi ubaoni, akaniambia, "Soma we." Akina mama walipomwuliza kitu kwa Kiingereza, aliwajibu kwa Kiswahili. Hakukasirika, hakunisema kwa mtu. Ila Kiingereza hakikutoka tena kinywani mwake. Nao akina mama, ambao habari za mjini walizipata kwangu mwenyewe, kwa majigambo yangu, wakaanza kupungua. Nilimsikia muuza makaa akimwambia mwenzake bombani, "Kama yeye balimucheka, mi nitakuwa nani?" Kabla ya mvua za kwanza, tulikuwa watoto watano na mama mmoja.

Wakati huo wote nilijiona nimetenda jema. Nilisema kweli, si ndiyo? Kosa lilikuwa kosa. Aliyenifungua macho ni bibi, likizo ya kwanza nilipotoka bweni. Alikuwa anachagua maharage, akaniomba nimsimulie ile siku ya mjini yote, mwanzo hadi mwisho. Nikasimama nikaigiza, sauti ya bwana, sauti ya mama mwenye miwani, na ya mama mwalimu ikitetemeka. Nilidhani atacheka. Bibi hakujua Kiingereza hata kidogo, lakini alisimamisha mikono juu ya ungo.

"Alisimama anakutazama?"

"Ndiyo, bibi."

"Akakungoja?"

Nikainama kuchagua jiwe kwenye ungo.

"Yaani ulimwacha na mzigo kichwani mbele za watu," alisema bibi, "halafu ukamsukuma."

Aliniamuru niende nikaombe msamaha saa ileile. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikasimama nyuma ya ukuta wetu wa pamoja, nikisikia mguu wake kwenye cherehani. Nikahesabu mpaka mia mbili, nikarudi, nikamwambia bibi nimeomba. Bibi alifariki akiamini hivyo. Haya yangu ina tabaka nyingi, na hilo ndilo la chini kabisa.

Niliomba kweli nikiwa mtu mzima, nina kazi, miaka mingi baadaye. Mama mwalimu alikuwa amepata barua ya kuhamia nchi ya mbali na binti yake na mjukuu wake. Nilimkuta anafunga vitu. Nikapiga magoti kwenye vumbi la pale barazani, nikasema yote, hata lile la kumdanganya bibi. Nilitarajia aniinue, aseme ulikuwa mtoto tu, hayo yamepita. Nilikuwa nimejiandaa kulia kwa nafuu.

Aliniinua kweli, akanikung'uta vumbi magotini. "Ilinichoma," alisema. "Mpaka sasa inachoma. Usinilazimishe niseme haikuwa kitu."

"Sikulazimishi, mama mwalimu."

"Basi. Ingia tukule, ugali imeiva."

Tukala. Aliniletea barua ya safari, ya Kiingereza, nimsomee. Nikamwambia, "Soma wewe, mama. Niko hapa." Aliitazama muda mrefu. Midomo yake ilitembea juu ya maneno yote, sahihi kabisa, niliifuata, mstari kwa mstari, bila sauti. Kisha akanirudishia karatasi. "Soma we," alisema.

Siku hizi nikienda Dzaleka sioni baraza lile. Amejenga mtu mwingine, nyumba imesogezwa mbele, na watoto wa sasa wanajifunza Kiingereza kwenye simu, ambayo haichoki na haina haya. Vizuri, nafurahi. Lakini sijasikia tena mahali popote kelele zile za wanawake kumi na watano, wasio na chochote, wakisema Kiingereza kibovu kwa sauti kubwa bila kumwogopa mtu. Darasani kwangu watu wazima hunong'ona. Nawabembeleza, nawachekesha, nawaambia kosa haliui. Hawaniamini, na mimi najua kwa nini.

Mama mwalimu hunipigia simu baadhi ya Jumapili. Tunaongea Kiswahili, kuhusu baridi ya huko na bei ya unga. Mwezi uliopita mjukuu wake aliichukua simu kwa zamu yake. Ana miaka tisa, ana sauti nyepesi ya watoto wa huko. Alinisimulia kwa furaha kwamba yeye ndiye anayekwenda na bibi yake kila mahali, dukani, hospitali, kwenye basi, kwa sababu lazima awepo mtu wa kumsemea.

"Bibi hajui Kiingereza," aliniambia. "Hata kidogo."